Nafasi Tatu Mkono wa Kulia

Mzee Taipu alikuwa akiandika programu kwenye meza ya chakula, na kila mstari ulipoisha mkono wake wa kushoto ulinyanyuka wenyewe kutafuta ule mkono wa chuma wa mashine ya taipu, wa kurudishia mstari. Haukuupata. Laptopu haina mkono wa chuma. Basi mkono wake ulipiga hewa, ukarudi mezani, na mzee akaanza mstari mwingine kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliandika kwa vidole vyote kumi bila kuangalia herufi, mbio mbio, kama mtu anayelipwa kwa kelele, na alichoandika hakikufanya kazi.

Binti yake aliketi upande wa pili wa meza akimenya viazi. Nyumbani walimwita Fundi tangu utotoni, kwa sababu aliwahi kuifungua redio ya baba yake vipande vipande na kuifunga tena ikaimba. Ukubwani jina likamkaa sawasawa. Aliandika programu katika kampuni moja ya kusafirisha vifurushi, na siku za mapumziko alikuja kwa wazazi wake kumfundisha baba kazi ambayo baba aliianza akiwa na mvi hadi kwenye nyusi.

"Imesemaje?" aliuliza.

"Imesema vilevile. Hayupo."

"Mama yupo hapo nyuma yako."

"Mimi najua yupo. Iambie mashine."

Mama Fundi alikuwa dirishani, miguu juu ya kigoda. Miguu ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani, na alikuwa akivunja maharage ya kijani mapajani mwake, polepole, kwa sababu pumzi ilikuwa fupi. Kushoto kwake palikuwa na meza ndogo na kikombe. Kulia kwake palikuwa na uwazi, na pazia la upande huo lilisimama mbali naye.

Uwazi wa Mama Fundi ulikuwa mkubwa kuliko wa watu wengine. Ulianzia begani, ukaenda upana wa watu watatu waliobanana, na ndani yake hakikukaa kitu. Kiti kikiwekwa humo kilijisogeza taratibu mpaka kikatoka. Vumbi halikutua. Nzi alifika ukingoni, akafikiri kidogo, akapita njia nyingine. Mvua ikinyesha, ardhi ya upande ule ilibaki kavu. Milangoni mama alipita kwa ubavu, uwazi ukitangulia, yeye akifuata. Jirani wa ukuta wa pili, mwanamke mwenye mdomo usio na kizuizi, alipenda kwenda naye sokoni maana upande ule hapakuwa na mtu wa kuwasukuma. "Mwenzangu una kiwanja chako unatembea nacho," alimwambia. "Sisi wengine tunapanga."

Wala haikuwa ajabu. Mjini walikuwepo wengi wa namna hiyo, watu wazima zaidi, na wengi wao uwazi wao ulikuwa mwembamba, wa mtu mmoja tu. Mzee Taipu mwenyewe alikuwa nao. Kwenye foleni watu waliwaachia nafasi bila kuambiwa, na ofisi kadhaa zilirefusha mabenchi. Mtu huzoea.

Uwazi ulianza asubuhi moja, baada ya Ofisi ya Usajili kumaliza kuhamisha kadi zote za zamani kwenda kwenye kompyuta, kitu walichokiita Mfumo. Siku hiyo Mzee Taipu aliamka akiwa sakafuni. Alidhani mkewe amempiga teke. Mkewe alidhani mumewe ameamua kuhama. Walinuniana mpaka chai ilipopoa, ndipo wakagundua kuwa kila akimkaribia kwa upande wa kulia anasukumwa, kwa upole lakini bila mjadala. Naye mkewe akimjia yeye kwa upande wa kulia, mambo ni yale yale. Bega kwa bega hawakuwezana tena. Watu wa ndoa ya miaka mingi hawashindwi na jambo dogo, hata hivyo. Kitandani walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Mezani waliweka viti vimegeukiana njia, huyu akitazama jikoni, yule akitazama dirisha, kushoto kwa kushoto, na hivyo waliweza kushikana mikono.

Kwa uwazi peke yake wangezeeka salama. Taabu ilikuwa dirishani, kule kliniki.

Figo za Mama Fundi zilikuwa zimechoka. Ilibidi awekwe kwenye mashine ya kusafishia damu, na mashine hiyo ilikuwa moja tu kwa mji mzima, na haikuwashwa mpaka karani wa dirishani aandike jina la mgonjwa na Mfumo ujibu kwamba yupo. Karani aliandika. Mfumo ukasema hayupo. Wakaenda Ofisi ya Usajili aandikishwe upya. Kule waliandika jina lile lile, na Mfumo ukasema jina hilo limo tayari, hairuhusiwi kuandikisha mtu mara mbili. Basi Mama Fundi alikuwepo kiasi cha kutoandikishwa, na hakuwepo kiasi cha kutibiwa. Karani wa dirishani, kijana mwenye adabu zake, alimletea kiti akae wakati anakataliwa.

Aliyejua chanzo alikuwa Mzee Taipu. Alipokuwa akisubiri kwenye foleni, alianza kuwauliza wenye uwazi waliandikishwa chumba gani enzi zile, na wote walisema chumba cha ngazini. Chumba cha ngazini ndicho alichokalia mzee mwenyewe, akichapa kadi, maisha yake yote ya kazi.

Katika chumba kile palikuwa na desturi. Mkuu wa chumba, mama mmoja ambaye angeweza kusikia kosa la taipu akiwa chumba cha pili, aliwafunza wapiga taipu wake wote hivi: jina likiisha, lipe pumzi. Yaani kabla ya kwenda kwenye tarehe, dole gumba linagusa mara moja kile kitufe kirefu cha chini, jina lipumue, lisigandane na namba. Chumba cha pili hawakuwa na desturi hiyo, na chumba cha ngazini waliwacheka kwa kuandika kama watu wanaokimbizwa. Kadi zilipohamishwa, kila kitu kilihamishwa kama kilivyo, na ile pumzi pia.

"Kwa mashine," Fundi alimweleza baba yake, "jina lenye nafasi tupu mwishoni na lile lisilo nayo ni majina ya watu wawili wasiojuana."

"Hata kama nafasi haionekani?"

"Kwako haionekani. Yeye anaiona."

Fundi angeweza kuandika dawa ya ugonjwa huo akiwa amesimama, mkono mmoja ukishika chai. Lakini Ofisi ya Usajili ilikuwa na kanuni iliyobaki tangu enzi za taipu, wala hakuna aliyekumbuka kuifuta: kosa la kadi hurekebishwa na mkono ulioichapa. Zamani ilimaanisha mpiga taipu aliyekosea anaitwa, anafuta, anaandika tena, anatia sahihi. Sasa ilimaanisha kwamba Mzee Taipu ajifunze kuandika programu.

Jirani aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. "Samaki mkunje angali mbichi, baba."

"Mimi si samaki," mzee alimjibu. "Na wewe si mpishi."

Hivyo ndivyo walivyofika kwenye meza ile, na viazi vile, na neno lile lile kwenye skrini. Programu yenyewe ilikuwa fupi, unaweza kuisoma kabla chai haijapoa. Inapokea jina, inaangalia kama mwishoni kuna nafasi, inaikata, inalirudisha jina, kisha inalitafuta kwenye orodha ya majaribio ambayo Fundi alimwekea. Mzee aliipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza.

"Ninakata," alisema. "Hapa ninakata. Nikikata, inakuwaje bado ipo?"

Fundi aliigeuza laptopu upande wake. Hakuhitaji muda. Akachukua kiazi kimoja kilichomenywa na kingine chenye maganda, akaviweka mbele ya baba yake.

"Baba, mashine haimenyi kiazi ulichompa. Hiki chako kinabaki na maganda yake. Yeye anakutengenezea kingine, cheupe, anakunyooshea. Wewe hukukipokea. Kimeanguka chini kimepotea. Halafu mstari wa mwisho umemrudishia mpishi kile cha maganda."

Mzee alivitazama vile viazi.

"Kwa hiyo nimesafisha, nimetupa kisafi, nimerudisha kichafu."

"Ndiyo."

"Huo ni upumbavu."

"Ni kosa la kila anayeanza. Hata mimi nililifanya."

"Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa," mzee alisema, na akaanza kurekebisha.

Alilijaribu kwanza jina lake mwenyewe, pamoja na ile pumzi mwishoni. Mashine ikajibu: yupo. Kiazi kimoja kilibingirika mezani, kikapita kiwiko cha mzee, kikaenda kukaa kuliani mwake, mahali ambapo kwa miaka hapakuwa pamekaa kitu. Fundi alinyoosha mkono akakichukua, akakimenya.

Kisha mzee akaandika jina la mkewe. Akabonyeza. Hayupo.

Aliandika tena. Hayupo. Mkono wa kushoto ulipaa ukapiga hewa.

"Programu yako inakata nafasi ngapi?" Fundi aliuliza.

"Moja. Sheria ya chumba ilikuwa moja."

"Una hakika mama ana moja?"

Mzee Taipu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Pale dirishani maharage yaliacha kuvunjika.

"Mwambie," alisema Mama Fundi.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mtoto. Mficha uchi hazai, na wewe umekwisha zaa."

Basi mzee akasema, akiiangalia meza. Siku ile mkewe alikuja kuandikishwa akiwa msichana, amefuatana na mama yake mzazi, amevaa gauni lenye vifungo mgongoni. Alikaa mbele ya meza ya mpiga taipu akataja jina lake. Mpiga taipu aliliandika. Jina lilipoisha alilipa pumzi kama sheria inavyotaka, lakini macho yalikuwa yameinuka kutoka kwenye kadi, na dole gumba, likiwa halina msimamizi, liligonga tena, na tena. Kutoka chumba cha pili mkuu wa chumba alikohoa. Ndipo akaenda kwenye tarehe.

"Mimi nikamwona anagonga tu kile kidude," alisema Mama Fundi. "Nikadhani jina langu lina kipande cha mwisho nisichokijua. Nyumbani nikamuuliza mama, akaniambia huyo kijana ni mgonjwa." Alicheka, na kicheko kikamkata pumzi, wakamngoja mpaka irudi.

"Tatu," alisema mzee. "Nilijua nilipogonga. Kadi ilikuwa nzuri, sikutaka kuichana."

Fundi hakucheka. Furaha na uchungu vilishikana mashati ndani yake, na kwa kuwa hakujua la kufanya akamfundisha baba yake namna ya kuiambia mashine irudie jambo mpaka liishe. Usikate moja. Kata, angalia, kata, angalia, mpaka ukute herufi. Mzee aliandika. Safari hii aliandika polepole, akiangalia kila herufi, kama mtu asiyeujua ubao ule wa herufi. Akaandika jina la mkewe, dole gumba likagonga mara tatu, akabonyeza.

Yupo.

Pazia lililokuwa limesimama mbali muda wote lilianguka likamgusa mama begani. Vumbi la miaka lilishuka kidogo kidogo kwenye mwanga wa dirisha, likatua sakafuni kuliani mwake. Mzee Taipu aliinuka, akabeba kiti chake, akakiweka pale pale, kimeelekea kule alikoelekea mkewe, akakikalia. Kiti hakikusogea. Wakakaa bega kwa bega wakitazama nje.

"Kumbe ukuta wa jirani umepakwa rangi," alisema mzee.

"Tangu mwaka juzi."

"Rangi mbaya."

"Nilikuambia. Ulikuwa unaangalia jikoni."

Fundi alibeba viazi akaenda kuvibandika. Alijua alichokijua: kilichopatikana kimepatikana ndani ya laptopu moja, juu ya meza moja. Alisimama mbele ya sufuria akaacha machozi yatoke kidogo, kwa sababu mvuke ulikuwepo na hakuna ambaye angeuliza. Laptopu ilipoishiwa chaji, alisikia kiti cha baba yake kikikwaruza sakafu taratibu, mpaka kikagota kabatini.

Walikwenda Ofisi ya Usajili watatu. Mama walimkalisha kwenye benchi la nje, lile refu, akachukua sehemu yake na za wengine. Mkuu wa Mfumo aliwapokea ndani. Alikuwa mtu mpole, mnadhifu, meza yake haina kitu isipokuwa skrini na mmea mdogo wa plastiki ambao alikuwa ameutilia maji. Aliomba kwanza jina la Mzee Taipu, kuhakikisha kwamba ndiye aliyechapa kadi. Aliliandika. Mfumo ukasema hayupo.

"Si neno," alisema Mkuu wa Mfumo. "Nakufahamu kwa sura."

Mzee akakaa, akaiandika programu yake yote upya mbele yao, kwa kichwa, kama kanuni ilivyotaka, na mkono wake wa kushoto ulipopaa Mkuu wa Mfumo aliusogeza ule mmea usipigwe. Alipomaliza, Mkuu wa Mfumo alisoma yote. Akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Iko sawa," alisema. "Safi kabisa. Mzee, hongera. Kwa mtu anayeanza."

Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na alimwona Fundi ni mtu wa kazi, aliwafungulia sehemu yenyewe ya Mfumo inayotafuta majina. Fundi aliinama kusoma. Kile kipande cha kukata nafasi kilikuwemo tayari. Kilikuwemo tangu siku ya kwanza. Kila jina lilipotafutwa Mfumo ulilisafisha vizuri, nafasi zote mpaka ya mwisho, ukapata jina safi, ukaliacha lianguke, na mstari uliofuata ukarudisha lile la zamani. Lilikuwa kosa la baba yake, neno kwa neno.

"Mnalijua hili?" Fundi aliuliza.

"Tunalijua. Aliyeandika alikuwa ndiyo kwanza anaanza."

"Ni mstari mmoja. Nipe kiti, sitamaliza dakika."

"Ni mstari mmoja, dada yangu. Hilo halina ubishi." Mkuu wa Mfumo alisogeza mmea ukarudi mahali pake. "Lakini Mfumo ulipozinduliwa ilitangazwa kwamba hakuna mtu aliyepotea. Imeandikwa ukutani hapo mlangoni, mmeipita. Sasa leo tukiwapata watu, si itakuwa walikuwa wamepotea?"

Mzee Taipu alisafisha koo.

"Mke wangu yuko hapo nje kwenye benchi."

Mkuu wa Mfumo alitazama dirishani. "Namwona, mzee."

"Basi yupo."

"Yupo. Ila kwenye Mfumo ndiyo hayupo." Alisema kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililomuuma Fundi zaidi, maana bwana yule angekuwa mkali, yeye angemtukana na roho ikapoa. Huyu hakuwa na pa kumtukania. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huyu bwana alilishika kanda lile kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Akawaomba programu hiyo kwenye flashi, iwe kumbukumbu. Fundi akampa. Mkuu wa Mfumo aliandika jina la Mzee Taipu juu yake kwa wino usiofutika, akavuta droo. Droo ilikuwa nzito, aliivuta kwa mikono miwili. Ilikuwa imejaa flashi, kila moja na jina lake, na ilibidi azibane kwa kiganja ili hiyo mpya iingie. Kisha aliwasindikiza mpaka mlangoni na kuwashukuru kwa kufika.

Mama Fundi aliwaona nyuso zao akaelewa. "Wamesemaje?"

"Wamesema programu ni safi," alijibu mzee.

"Ulikuwa unaiweza kazi siku zote," alisema, na wakamsaidia kuinuka.

Fundi hakukata tamaa kama inavyotakiwa, alikata kidogo kidogo. Aliandika barua, hazikujibiwa. Alikwenda kliniki na laptopu mkononi, akamwonyesha karani wa dirishani neno kwenye skrini. Karani alilisoma.

"Hiyo ni yenu," alisema. "Yangu inasema hayupo." Akamletea kiti.

Alirudi siku nyingine, madaktari wakiwa wanapita ukumbini, akawazuia mmoja mmoja. Walimsikiliza. Mmoja alimshika mkono. Mashine ilionekana pale kupitia kioo cha mlango, imefunikwa shuka, haina mtu siku ile, na daktari mwenyewe hakuweza kuiwasha bila neno kutoka dirishani.

Nyumbani siku zilikuwa na utaratibu wake. Mchana, umeme ukiwepo, Mzee Taipu alifungua laptopu, akaandika jina la mkewe, akagonga mara tatu, akahamisha kiti. Walikaa wakiangalia ukuta wa jirani na kuusema vibaya. Jirani alikuja akakaa nao, akaona uwazi haupo, akasema, "Leo umekiuza kiwanja," na Mama Fundi akajibu kwamba amekikodisha kwa mpangaji msumbufu. Maji yalizidi mwilini. Kwanza miguu, kisha mikono, pete ikakatwa kwa koleo, kisha uso. Alizungumza sentensi fupi. Baadaye alizungumza neno moja moja, akiweka nafasi kati ya neno na neno, nao wakajifunza kungoja.

Alikufa mchana, laptopu ikiwa imewashwa na mumewe akiwa kuliani mwake. Fundi alikuwa jikoni. Hakusikia kitu. Alimwona tu baba yake amekuja mlangoni akiwa ameshika bakuli la maharage ambayo hayajavunjwa, akamwambia, "Njoo, mwanangu."

Fundi alilia kwa sauti, mbele ya watu, na jirani alilia kumshinda. Wachimba kaburi waliuliza swali moja tu, kama wanavyouliza kila mara: marehemu alikuwa na uwazi? Walipoambiwa upana wake walichimba bila kunung'unika, na shimo likawa kama la nyumba ndogo. Lakini uwazi haukwenda naye kaburini. Jeneza lilishushwa likakaa upande mmoja, na udongo ulirudi mwingi mno mahali palipoachwa.

Walikwenda kuandikisha kifo. Mkuu wa Mfumo aliwapa pole ya dhati, akaandika jina. Hayupo. Akawaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba asiyekuwepo haandikiwi kifo. Na kwa kuwa kadi yake imo, haitoki. Pale alipokuwa, atabaki hivyo hivyo. Alivyosema ndivyo ilivyokuwa. Walipofika nyumbani waliukuta uwazi dirishani, kuliani mwa kiti chake, upana wa watu watatu waliobanana. Pazia limesimama mbali nao. Nzi alifika ukingoni, akageuka.

Jirani alishauri wakiuze kile kiti. Mzee Taipu alikataa, na hakuna aliyemrudia.

Siku ya mapumziko Fundi alikuja kama kawaida. Alileta viazi, akakaa mezani akaanza kumenya. Mzee alifungua laptopu, akaandika jina la mkewe, dole gumba likagonga mara tatu, akabonyeza. Pazia lilianguka likagusa mgongo wa kiti. Vumbi likashuka. Mzee akabeba kiti chake akakiweka kuliani mwa kile kingine, vyote vimeelekea dirishani, akakaa akitazama ukuta wa jirani.

"Imesemaje?" Fundi aliuliza, bila kuinua macho.

"Imesema yupo," alijibu baba yake, na mkono wake wa kushoto ukanyanyuka, ukapiga hewa, ukarudi pajani.